Jino Moja la Cheni

Mbio zile hazikufika nusu dakika. Zilinigharimu ekari tano zenye kijito, cherehani moja ya mguu, miche kumi na miwili ya miplamu, na shemeji mmoja. Nimehesabu mara mbili. Injini yenyewe siiweki kwenye hesabu, maana niliinunua ikiwa imekufa na nikaiacha ikiwa imekufa. Hapo tulitoka sare.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wazungu wa mashamba ya ngano kuzunguka Eldoret walikuwa wanauza na kuondoka, na kila wiki kulikuwa na mnada kwenye boma la mmoja wao. Mimi nilikuwa mtu wa minada. Nilinunua vitanda, plau, makopo ya maziwa, hata piano moja iliyokosa meno, na kuviuza mjini kwa watu waliokuwa wanaanza maisha. Nilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, sikuwahi kulipa bei ya kwanza. La pili, sikuwahi kuamini hesabu ya mtu mwingine. Nikinunua vijiko sita, nilivihesabu mbele ya muuzaji, kisha nikavihesabu tena nje ya lango. Watu walicheka. Niliona wanacheka kwa sababu hawajawahi kufika nyumbani na vijiko vitano.

Sisi tulikuwa wageni pale, kama wengi wa wenzetu. Tuliishi katika chumba kimoja cha kupanga, mimi, mke wangu na watoto watatu, mke wangu akishonea watu nguo barazani. Tulikuwa tumejiunga na kampuni ya kununua shamba. Kila mwanachama alichanga kidogo kidogo kwa miaka, mzungu akalipwa, shamba likapimwa na kukatwa vipande vya ekari tano tano. Siku ya kupiga kura kila mtu alichota kikaratasi chenye namba kutoka kwenye kofia ya mwenyekiti. Nilimwambia mke wangu achote yeye, kwa sababu mkono wangu umezoea kubembeleza bei na kofia haibembelezwi.

Akachota thelathini na moja. Watu wakapiga kelele. Thelathini na moja ilikuwa imelala kando ya kijito, udongo mweusi, hakuna jiwe. Wengine walichota vipande vya mwamba mtupu na wakarudi nyumbani kimya. Mke wangu hakupiga kelele. Alikikunja kile kikaratasi mara nne, akakifunga kwenye pindo la leso, na tulipofika nyumbani akakiweka ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo. Kesho yake akaenda Kaptagat kwa mama mmoja waliyefahamiana kanisani, akarudi na miche ya miplamu. Akaipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na kuipanga barazani. Kumi na miwili. Kila asubuhi aliinywesha na kuiambia ingoje kidogo.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaanza kuangalia thelathini na mbili.

Thelathini na mbili ilipakana na yetu, na ilikuwa ya mzee mmoja mwenye duka kubwa mjini, mwanachama mwenzetu. Nilipiga hesabu: tano na tano ni kumi, na kijito chote ndani. Nilimwendea dukani, nikamtajia bei. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kijana, wewe unanunua ardhi kama unanunua sufuria iliyotoboka."

"Mzee, hata sufuria iliyotoboka ina bei yake. Taja yako."

"Mimi siuzi. Lakini nasikia umejiokotea gari kwenye mnada."

Ni kweli nilikuwa nalo. Saluni ndogo ya Kijapani, gari la abiria wanne, ambayo mtoto wa mzungu mmoja aliiua injini yake kwa fujo. Niliipata kwa bei ya baiskeli mbili. Yule mzee alikuwa na gari kubwa la Kiingereza lenye pua ndefu, na kila mtu alijua anavyolipenda. Lilikuwa halijapitwa na kitu barabara ya Kaptagat, isipokuwa mvua.

"Kale kabati kako," akasema, "kakitoka kakiwa kamesimama sambamba na langu, tuseme kwenye kiwanja cha ndege cha mzungu, kakafika mwisho kabla yangu, chukua thelathini na mbili bure. Nikifika mimi, naongeza yako juu ya yangu."

Dukani kulikuwa na wateja, na wote waliacha kuchagua sabuni. Ningeweza kucheka na kwenda zangu. Lakini mtu akinitajia bei siwezi kuondoka bila kujibu, ni ugonjwa. Nikamwambia aongeze na kutulipia karani wa kuandika uhamisho. Akakubali. Nikatoka pale nikijiona nimemshinda.

Sikumwambia mke wangu. Nilimwambia natengeneza gari ili niliuze.

Sasa nije kwa shemeji yangu, ambaye ndiye sababu ya kuandika haya. Alikuwa mdogo wa mke wangu, mtu mzima mwenye mke na binti aliyekuwa bado mgongoni. Alijifunza ufundi katika karakana ya shamba la mzungu, na mikono yake ilikuwa ya kuaminiwa kuliko mdomo wake, maana alisema maneno machache sana. Wazazi wao walikufa mapema; mke wangu ndiye aliyemlea, akamlipia karo kwa mapato ya nguo za watu. Naye alimwita dada, lakini kwa sauti ya mtu anayeita mama.

Nilimweleza yeye peke yake juu ya dau. Akaweka spana chini.

"Dada anajua?"

"Atajua tukishinda."

"Na tusiposhinda?"

"Wewe ni fundi au mchungaji?"

Akachukua spana. Nadhani alikubali kwa sababu aliona mimi ningelikimbiza gari hilo hata likiwa na injini ya kusagia mahindi, na afadhali basi ifungwe na yeye.

Alifungua kila kitu. Akaniambia ili kagari kadogo kakimbie kama kakubwa, lazima uso wa chini wa silinda hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika injini juu, uchongwe kidogo, ili ule moto ubanwe mahali padogo. Kuchonga kulitaka mashine na mashine ilitaka pesa, kwa hiyo cherehani ikaenda rehani. Mke wangu alitoa vitu vyake kwenye droo, akaniuliza itarudi lini. Nikasema Jumamosi jioni. Kile kikaratasi nilikuwa nimeshakitoa mapema.

Shida ya kuchonga, alisema shemeji, ni cheni. Injini ile ilikuwa na cheni ndefu kutoka krenki, ule mhimili wa chini unaosukumwa na pistoni, mpaka mhimili wa juu unaofungua valvu, vile vizibo vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Cheni ndiyo inayowaambia wa juu na wa chini waende pamoja. Ukichonga hedi, wa juu unashuka, umbali unapungua, na cheni inalegea.

"Kwa hiyo tunahitaji cheni mpya kabisa," akasema. "Iliyovaa imeshaongezeka urefu. Ulegevu juu ya ulegevu, hapana."

Nikaenda kwenye duka la spea. Mwenye duka akaweka mbili mezani. Mpya kwenye karatasi yenye mafuta, na nyingine iliyotoka kwenye gari la ajali.

"Hii ya pili ni ngapi?"

"Umeniambia ni ya mashindano. Chukua mpya."

"Nimekuuliza bei, sijakuuliza ushauri."

Nilimshusha mpaka akaniambia niichukue nitoke. Nilirudi gereji nikiimba. Shemeji akaishika ile cheni kwa ubavu, ncha moja mkononi, akainyoosha hewani. Cheni nzima hunyooka karibu kama rula. Hii ilipinda chini kama mkia wa ng'ombe.

"Shemeji, hii imelewa."

"Inabeba mbio moja?"

Akaitazama sana. "Moja, labda. Lakini uniachie mimi. Usiiguse."

Alhamisi asubuhi aliifunga. Radieta ilikuwa imetolewa na kifuniko cha mbele kilikuwa bado, kwa hiyo cheni yote ilionekana. Akanionyesha alama: nukta moja kwenye gia ya chini, nukta nyingine kwenye gia ya juu, na mfuo uliokatwa kwenye chuma cha hedi. Nukta ya chini ikiwa mahali pake, nukta ya juu inatazamana na ule mfuo, na kati yao, upande wa cheni unaovuta, kuna pini arobaini na mbili. Akazihesabu kwa kalamu ya rangi. Upande wa pili palikuwa na kipande kinachosukuma cheni ili ulegevu wote ukae huko.

"Hii inazungushwa kulia tu," akasema. "Ukipita alama, usirudi nyuma. Zungusha tena mpaka ufike. Ukirudi nyuma, ulegevu unahama upande, na macho yako yatakudanganya."

Nikaitikia. Moyoni niliona ni miiko ya mafundi, kama ile ya kutopiga mluzi gereji.

Saa saba akaenda hotelini kula. Nikabaki peke yangu na injini wazi. Dau lilikuwa ekari zangu, nami nilikuwa na hesabu ya mtu mmoja tu, tena ya mtu mwingine.

Nikahesabu. Arobaini na mbili. Sawasawa.

Lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ili nihesabu ya pili kwa haki niliona nianze upya, nizungushe injini, nirudi kwenye alama, kama ninavyovimwaga vijiko na kuvikusanya tena. Nikatia spana kwenye bolti ya krenki, nikazungusha. Nukta ya chini ikaja, ikapita kidogo. Nikairudisha nyuma. Kidogo tu, upana wa kidole.

Nikatazama juu. Nukta ya juu ilikuwa imepita mfuo wake kwa karibu jino zima. Nikahesabu pini kuanzia kwenye mfuo mpaka chini. Arobaini na tatu.

Moja na mbili zikikataana, mimi siku zote nimeamini ya pili. Ndiyo maana ya kuhesabu mara mbili. Nikasema moyoni, kijana wa watu amekosea, na ni bahati yake kuwa na shemeji kama mimi. Nikafungua gia ya juu. Kabla ya kwenda kula shemeji alikuwa amepachika kabari ya mti kwenye cheni isianguke, kwa hiyo haikuwa kazi. Nikairudisha gia nyuma jino moja, nukta ikatazamana na mfuo, nikakaza bolti. Nilikuwa nimefuta mikono aliporudi akichokoa meno.

"Umegusa?"

"Nimefukuza nzi."

Akatazama nukta. Zilikaa vizuri sana. Akafunga kifuniko cha mbele, mafuta yakatiwa, radieta ikarudi.

Injini iliwaka Ijumaa. Ilinguruma, na mimi nikapiga makofi. Yeye aliinama, akaweka sikio karibu na boneti, uso wake ukabadilika.

"Hii siyo niliyoifunga."

"Injini gani inalia kama mtu anavyotaka siku ya kwanza?"

"Inachelewa kuvuta. Shemeji, nifungue tena. Nitamaliza usiku."

Hapo ndipo ningesema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: niligusa. Lakini ningelisema, ningekuwa mtu aliyehesabu vibaya, na sijawahi kuwa mtu huyo. Tena nilikuwa bado naamini jino langu. Nikamwambia tatizo ni plagi. Akabadilisha plagi. Akarudia tena kwamba haipendi ile sauti, na kwake kurudia jambo mara mbili kulikuwa hotuba.

Jumamosi kiwanja cha ndege kilijaa. Kilikuwa kipande cha nyasi kilichonyooka kati ya ngano na ngano, mahali mzungu alipokuwa akitua na kindege chake, na sasa ni mali yetu sote kwa karatasi. Mwenyekiti na karani walikuja na daftari. Yule mzee alivaa koti na kofia kama anakwenda harusini, akaegemea gari lake.

"Kabati limekuja! Ndani kuna nguo au kuna injini?"

"Kuna sanda yako, Mzee," nikamjibu, na watu wakacheka, na hiyo ndiyo faida yote niliyopata siku ile.

Niliendesha mwenyewe. Mwenyekiti akaangusha kitambaa cheupe. Gari la mzee liliruka. Langu lilifanya kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, likajikokota, likajikokota, kisha injini iliposhika kasi likaamka. Nikakanyaga mpaka sakafuni. Nilianza kumkaribia. Niliona taa zake za nyuma, niliona namba, naapa niliona vumbi lake linapungua. Kisha chini ya miguu yangu kikagonga kitu, mara moja, mara tatu, kama mtu anayebisha mlango kwa nyundo, na ukimya ukaja wote kwa pamoja. Gari likaendelea kwa kujiviringisha tu. Yule mzee alishafika mwisho na alikuwa anavua kofia.

Walitusukuma pembeni. Shemeji hakumngoja mtu. Alifungua kifuniko cha juu palepale, akatoa radieta na kifuniko cha mbele, watu wakiwa wamemzunguka. Valvu zilikuwa zimepinda, zilikutana na pistoni. Aliipangusa cheni kwa shati lake. Akaanza kuhesabu kwa kidole, taratibu, midomo ikitembea. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akihesabu mara mbili.

"Arobaini na tatu," akasema.

Akaniinulia macho. "Shemeji. Uliigusa?"

Watu walikuwa wengi. Mwenyekiti alikuwepo. Karani alikuwa na kalamu mkononi.

"Sikugusa," nikasema.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi fundi amelishwa hongo." Mwingine akasema duka la mzee lina vyakula vingi. Yule mzee mwenyewe alikana, lakini alikana akicheka, na watu husikia kicheko kuliko maneno. Shemeji hakukana. Alinitazama tu, kisha akakusanya spana zake moja moja akizifunga kwenye gunia. Nikatoa kikaratasi cha thelathini na moja mfukoni na karani akaandika uhamisho.

Mke wangu alipata habari kabla sijafika nyumbani. Alikuwa amesimama mbele ya mahali palipokuwa na cherehani.

"Baba watoto, ni kweli uliweka shamba?"

"Niliweka. Ningeshinda."

"Na ni kweli ndugu yangu aliliuza?"

Nilikuwa nimechoka. Nilijiambia nitamweleza kesho. "Watu ndio wanasema," nikamjibu. Tazama lile jibu lilivyotengenezwa vizuri: hakuna uongo ndani yake, na hakuna kitu kingine.

Hakunipigia kelele. Mimi nilikuwa mpumbavu na alikuwa ameshajua hilo siku nyingi, mtu huweza kuishi na mpumbavu. Lakini yule ndugu alimlea kwa mikono yake. Jioni ile shemeji alikuja mlangoni, akaita "Dada". Mke wangu alikaa kwenye kitanda, akatazama ukuta. Ndugu yake aliita mara ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, kwenye kigoda. Kisha tukasikia viatu vyake vinaondoka.

Shemeji alihamia mbali, upande wa magharibi. Nilisikia aliacha magari akawa anatengeneza mashine za kusaga. Miche tuliiacha kwenye makopo, ikaota mpaka mizizi ikatoboa chini, ikakauka mmoja baada ya mwingine. Mke wangu hakuyatupa makopo. Baadaye tulipanga chumba upande wa Yamumbi, akayahamisha yakiwa matupu. Cherehani haikurudi; alishona kwa mkono.

Ni fundi mwingine, miaka baadaye, aliyenieleza bila kujua ananieleza nini. Nilimkuta akifunga injini ya lori, akazungusha krenki nyuma ili mwanafunzi wake aone jinsi alama ya juu inavyohama ilhali hakuna kilichoharibika. "Ukiisahihisha hapa," akasema, "umeiua." Niliketi kwenye tairi. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimebaki na nusu ya tumaini kwamba yule kijana alikosea.

Yule mzee wa duka alifariki, wanawe wamepanda mahindi thelathini na moja na thelathini na mbili pamoja, ekari kumi, kama nilivyopiga hesabu. Hayo nimeyaacha. Lakini mwezi huu imekuja barua kutoka magharibi. Binti yule aliyekuwa mgongoni anaposwa. Shemeji ameandika mistari mitano: kwamba kwa desturi ya kwao mazungumzo hayawezi kuanza bila shangazi mkubwa kuketi mahali pake, kwamba kiti kitakuwepo, na kwamba gari litakuja kumchukua Jumamosi ijayo. Kuhusu yale mengine hakuandika lolote. Nami nilisalimiwa mwishoni, kwa heshima.

Nilimsomea mke wangu, maana macho yake hayashiki tena herufi ndogo. Akasema, "Siendi kuketi kwa mtu aliyeuza shamba langu." Akaomba barua, akaikunja mara nne.

Nimehesabu ninachoweza kumwambia, mara mbili. Hesabu ya kwanza: nikinyamaza, binti ataolewa bila shangazi, na ndugu wawili watazikwa hivyo. Hesabu ya pili: nikisema, mama huyu atajua kwamba miaka yote hii alimfungia mlango asiyemkosea, na aliyemkosea alikuwa amekaa kwenye kigoda akila chakula chake. Sijui kama kuna dada anayeweza kulibeba hilo kwa safari ya gari moja. Zamani ningeiamini hesabu ya pili bila kufikiri. Sasa siamini hata moja.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, hasa mama zetu mlio na ndugu, sijawahi kuomba ushauri bila kuubembeleza ushuke, lakini huu nitauchukua kwa bei mtakayotaja: nimwambie mwanamke huyu, na kama ni ndiyo, nianze na neno gani? Leo ni Jumanne.